Waliocheka Ukumbini

Jioni ya kwanza walikuja watu tisa. Ukumbi una viti mia tatu. Kati ya hao tisa, wawili walikuwa wahadhiri wenzangu waliokuja kwa kunihurumia, mmoja alikuwa mlinzi mwenye funguo ambaye asingeweza kuondoka kabla yetu, na kijana mmoja aliingia kuchaji simu kwa sababu soketi za maktaba zilikuwa zimejaa. Alichuchumaa kando ya ukuta mhadhara mzima, uso umemulikwa na simu, na kila nilipomtazama nilimwonea wivu.

Kazi ya kuandaa mihadhara ya hadhara na maonyesho ya filamu za utamaduni niliipata kama mhadhiri msaidizi anavyopata kazi nyingi: hakuna mkubwa aliyeitaka. Mkuu wa idara alisema, "Wewe unapenda sinema," likaisha hapo. Nikapewa Alhamisi mbili kila mwezi, ukumbi, projekta moja na barua ya utambulisho. Nilishika kazi hiyo kwa miaka sita. Ninaandika haya kwa ajili ya atakayeipokea mahali popote, maana najua naye ataanza na mabango mazuri na watu tisa.

Nianze na mihadhara, ambayo ndiyo niliyoivuruga mapema zaidi. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa msomi kwelikweli. Alitaka kutueleza maana ya utamaduni, akaanzia kwa Edward Tylor, Mwingereza ambaye mwaka 1871 aliueleza kuwa ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Hapo tulikuwa pamoja. Kisha akatuambia kwamba mwaka 1952 Wamarekani wawili, Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn, walikusanya fasili za neno hilo wakafikisha 164. Tukacheka. Tulidhani ni utani wa kufungulia mazungumzo. Kumbe alikuwa amekuja nazo. Alipofika ya kumi na mbili, mwenzangu mmoja alipokea simu ambayo sikuisikia ikiita. Ya ishirini na kitu, kijana wa kuchaji akachomoa waya wake na kutoka akinyata, kwa adabu kuliko sisi sote.

Simlaumu yule profesa. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba tunaomba "mhadhara kuhusu dhana ya utamaduni", naye akaleta alichoagizwa. Darasani mwanafunzi anakaa kwa sababu kuna mtihani. Mtu aliyekuja jioni kwa hiari yake hana deni na wewe, na mlango anauona. Tangu siku hiyo niliacha kuwaomba wageni dhana. Niliwaomba walete kitu kimoja: chombo, picha, barua, neno. Mhadhara bora kuliko yote niliyoandaa ulitolewa na mwanahistoria mstaafu aliyekuja na picha moja ya studio, nyeusi na nyeupe, ya watu watatu asiowajua. Aliiweka ukutani na hakuibadilisha kwa dakika arobaini. Alituuliza kiti kile ni cha nani. Alituonyesha kwamba pazia la nyuma limechorwa ngazi na nguzo za jumba ambalo halipo. Alitufanya tutazame viatu: mmoja wa wale watatu alikuwa amevaa viatu vilivyomzidi miguu, bila shaka vya studio, vya kuazima kwa ajili ya picha. Kufikia mwisho tulikuwa tumezungumza juu ya hadhi, ndoto, biashara na aibu, na neno "utamaduni" hakulitamka hata mara moja.

Filamu zilileta watu zaidi, na matatizo ya kila rangi.

La kwanza ni sauti. Mtu huvumilia picha iliyofifia, lakini maneno yasiyosikika hayavumiliki. Ukumbi wetu ulikuwa umejengwa kwa hotuba, kuta tupu na sakafu ya vigae, basi kila sauti ilikuwa inarudi na kugongana na inayofuata. Tulisumbuka na spika mpaka fundi mmoja alipotuambia tufunge mapazia mazito kwenye madirisha yote, hata yasiyoingiza mwanga, na tuzitoe spika pembeni tuziweke chini ya skrini, kwenye kimo cha masikio ya watu waliokaa. Mwangwi ukapungua mara moja. La pili ni maandishi ya tafsiri. Ukumbi wenye sakafu bapa ni adui wa maandishi, kwa sababu yanakaa chini kabisa ya picha, palepale penye vichwa vya waliokaa mbele. Tulionyesha filamu nzima watu wa nyuma wakiona picha na nusu ya juu ya herufi. Dawa ni kupandisha skrini, au kupunguza ukubwa wa picha mpaka ukingo wake wa chini uvuke vichwa. Picha ndogo inayosomeka ni bora. Na uijaribu filamu yote kabla ya siku yenyewe. Dakika tano za mwanzo hazitoshi, maana diski yetu moja ilikuwa nzima mpaka dakika ya arobaini, ikaganda juu ya uso wa bibi aliyekuwa anafumbua kinywa ajibu swali. Hatukulijua jibu lake mpaka muhula uliofuata.

La tatu lilinitia aibu. Nilikuwa naamini kwamba kwa kuwa sisi ni chuo na hatuuzi tiketi, basi filamu yoyote tuliyo na nakala yake ni halali kuionyesha. Jioni moja, baada ya filamu fupi iliyopendwa sana, kijana mmoja wa safu ya tatu alinyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Akasema kwa upole, "Ninashukuru kwa makofi. Filamu hii niliitengeneza mimi. Ningependa kujua mmeipata wapi." Kulikuwa na ukimya wa aina ambayo mtu haisahau. Tuliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Kununua nakala ni jambo moja, na ruhusa ya kuionyesha mbele ya hadhira ni jambo lingine. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, unampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kuonyeshwa hadharani, na kwa filamu ulinzi huo haupungui miaka 50 tangu itolewe kwa umma. Nchi nyingine zinalegeza sharti hilo kwa ajili ya darasa, lakini ukumbi wenye bango mlangoni linaloalika kila mtu si darasa. Baada ya pale niliandika barua kwa kila mwenye filamu. Wengi walijibu ndani ya wiki, na wengi waliturushia ruhusa bure. Wachache wakaomba kitu kimoja tu, waletwe wao pamoja na filamu yao. Yule kijana naye alirudi mara mbili. Mara ya pili alikuja na binamu zake.

Haya ya spika na ruhusa yana dawa zake. Lililonichukua miaka kulielewa ni kicheko.

Katika mwaka wangu wa pili tulipata filamu ya zamani, ya enzi ya sinema bubu, iliyopigwa na msafiri. Dakika chache za watu wakicheza ngoma uwanjani, wazee kwa vijana. Niliiandalia utangulizi wa heshima. Nikazima taa. Ndani ya nusu dakika ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Wale wazee walikuwa wanarukaruka kama kuku waliokanyaga majivu ya moto, mikono inakatika, vichwa vinatikisika. Nikacheka na mimi. Tulipowasha taa nilizungumza juu ya umuhimu wa kuenzi mila, na hakuna aliyeamini, hata mimi.

Baada ya wiki kadhaa nilimsimulia mtunza kumbukumbu mmoja, mwanamke aliyeshughulika na filamu za kale maisha yake yote. Hakucheka. Aliniuliza, "Mliiendesha kwa mwendo gani?" Sikujua kwamba filamu ina mwendo. Akanieleza. Kabla ya sauti kuingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na mpigapicha alizungusha kadiri alivyozoea: mara nyingi picha 16 kwa sekunde, wengine 18, wengine zaidi. Sauti ilipokuja ikadai mwendo usiobadilika, ndipo picha 24 kwa sekunde zikawa kanuni. Sasa chukua mkanda uliopigwa kwa 16 uupitishe kwenye mashine ya 24. Ngoma ya dakika tatu inachezwa kwa dakika mbili. Mzee anayetembea kwa madaha anageuka kikaragosi.

Kwenye kompyuta dawa yake ni kitufe. Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikaishusha filamu mpaka mwendo wa 0.67, nikaiangalia upya. Sijui nieleze vipi. Miguu ilipata uzito. Wakati wa kushuka, mguu ulikaa chini kidogo kabla ya kuinuka, na mabega yalichelewa nyuma ya miguu kwa makusudi, na mzee mmoja aliyeonekana mpuuzi kuliko wote ndiye aliyekuwa anaongoza: wenzake walimtazama yeye kabla ya kila mzunguko. Wala hakuwa na haraka yoyote.

Muhula uliofuata niliionyesha filamu ileile mara mbili mfululizo, kwanza kwa mwendo wa makosa, kisha kwa mwendo wake. Sikutoa utangulizi. Mara ya kwanza walicheka, kama nilivyotarajia. Mara ya pili kicheko kilianza kwa mazoea kikafa chenyewe. Msichana mmoja aliyekuwa amecheka kwa sauti alisema, "Kwa hiyo tulikuwa tunaicheka mashine." Mwanafunzi mwingine akabisha: mashine haikutulazimisha kucheka, sisi tulikuwa tayari kuamini kwamba watu wa zamani walikuwa hivyo. Wakabishana mpaka mlinzi akaanza kuzungusha funguo kidoleni. Ule ndio ulikuwa mjadala wa kwanza ambao sikuuchochea wala kuufunga mimi.

Ningekuwa mwepesi wa kuelewa, ningeishia hapo. Lakini nilichukua somo nusu. Niliona kwamba filamu za utamaduni zinahitaji mtaalamu wa kuzieleza, nikaongeza wataalamu. Filamu ya saa moja, kisha jopo la watu wanne mezani, maji ya chupa mbele yao, kila mmoja na dakika kumi ambazo huwa ishirini. Hadhira ikabakiziwa robo saa ya maswali, ikitumiwa na watu walewale watano waliokuwa na hotuba zao mfukoni. Ukimsikia mtu anasema "sina swali bali nina mchango", jua robo saa imekwisha.

Basi ikaja jioni ya mama wa usafi.

Tulikuwa na filamu ya miaka ya 1950, yenye sauti. Sitataja jamii iliyomo, kwa sababu mama mwenyewe aliniomba hivyo, nami nilimwahidi. Wanawake kama kumi na wawili wanatwanga na kuimba, jua kali, na juu ya wimbo wao inapita sauti ya mwanamume mtulivu anayesimulia kwa lugha ya kigeni. Anasema kwamba wanawake hawa wanaomba mvua kwa mizimu yao. Mzungumzaji wetu wa siku hiyo alikuja kutufundisha mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi wa utamaduni usioshikika, na aliufundisha vizuri. Alitusomea jinsi kifungu cha pili kinavyosema kwamba urithi ni kile ambacho jamii zenyewe, vikundi na wakati mwingine watu binafsi, wanakitambua kuwa ni sehemu ya urithi wao. Niliandika kwenye daftari: jamii zenyewe. Nikapiga mstari chini yake.

Wakati filamu inaendelea nilisikia mtu akicheka nyuma. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kubanwa na kiganja, kikatokea tena, na tena. Nikageuka. Kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa mama anayesafisha jengo letu, ndoo yake miguuni, akisubiri tumalize afagie. Nilikereka. Nilikumbuka wale waliocheka ngoma, nikasema moyoni, huyu naye.

Ulipofika wakati wa maswali alinyoosha mkono. Nilimwona, niseme wazi. Nilimwona vizuri, nikadhani anataka kuuliza tutatoka saa ngapi. Nikampa kipaza sauti mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa na mchango. Mkono wa mama ukakaa juu kidogo, ukashuka.

Nilimkuta kwenye korido nikitoka na nyaya mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akanisaidia kushika mlango. Kisha akasema, "Mwalimu, yule bwana anayesema ndani ya sinema hajui wanachoimba."

"Wanaimba nini, mama?"

Akaweka ndoo chini. "Ile ni lugha ya kwetu kwa bibi yangu. Wale hawaombi mvua. Wanamsema huyo mwenye mashine. Wanasema, mgeni wa jicho moja, tumetwanga tangu asubuhi, unga umekuwa vumbi na wewe bado unachungulia. Wanamuuliza mama yake anajua yuko wapi." Alicheka tena, safari hii bila kiganja. "Na wana maneno mengine ambayo siwezi kukwambia wewe mwanangu."

Nilisimama pale na nyaya zangu. Yaani kwa miaka zaidi ya sitini ile filamu ilikuwa imezunguka kwenye kumbi za wasomi, na wale wanawake walikuwa wanalalamika waziwazi, kwa sauti ya kuimba, katikati ya picha, na sisi tunaandika "mvua". Na mtu pekee aliyewasikia nilikuwa nimempita.

Niliporudi vitabuni nilikuta hatukuwa wa kwanza. Katika filamu ya Mmarekani John Ford ya mwaka 1964, Cheyenne Autumn, Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, waliigizishwa kuwa Wacheyenne, jamii nyingine ya wenyeji hao, wakizungumza lugha yao wenyewe ya Kinavajo, na Wanavajo waliokuja kuitazama baadaye wamesimulia jinsi walivyocheka kwenye sehemu za huzuni, kwa kuwa waigizaji walikuwa wanatupiana maneno ya mzaha. Mfano ulionigusa zaidi ni wa Mfaransa Jean Rouch. Katika miaka ya 1950 aliwarudishia wavuvi wa mto Niger filamu aliyowapiga wakiwinda kiboko, akaitundika kijijini Ayorou waione. Alikuwa ameweka muziki kwenye sehemu ya mawindo, akidhani amewapamba. Wawindaji wakamwambia auondoe. Kiboko huwindwa kimya, na kwa kelele hizo angekuwa amekimbia zamani. Rouch akaelewa, na baada ya hapo akawa mwangalifu sana na muziki katika filamu zake. Nilimpenda kwa hilo, ingawa huyohuyo Rouch alilaumiwa vikali na Waafrika waliotazama filamu zake nyingine, miongoni mwao Ousmane Sembène, mtengenezaji filamu wa Senegal, ambaye alimwambia usoni kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Mtu anaweza kusikiliza jambo moja na kuwa kiziwi kwa lingine. Mimi nilikuwa nimetoka kupiga mstari chini ya maneno "jamii zenyewe".

Nilibadilisha mpangilio. Jopo nililivunja, na wenzangu wawili hawakunisemesha kwa mwezi mmoja. Mtaalamu alibaki mmoja, tena alizungumza mwisho, na kwa dakika kumi na tano. Baada ya filamu taa ziliwashwa nusu, si zote, kwa sababu mwanga mkali unafanya watu waanze kutafuta mikoba. Kipaza sauti cha kwanza kilianzia safu ya nyuma. Hili dogo lilifanya kazi kuliko nilivyodhani: wenye hotuba mfukoni hupenda kukaa mbele. Na swali la kufungulia halikuwa tena "mna maswali?" Nilikuwa nauliza, "Nani ameona au amesikia kitu ambacho msimulizi hakukisema?" Kisha nanyamaza. Mara ya kwanza ukimya ulidumu mpaka nikaanza kutokwa na jasho. Usiujaze. Nilihesabu kimoyomoyo, na kabla sijafika thelathini kuna mtu alikohoa na kuanza.

Hawakuwa wote wenye hekima. Jioni moja bwana mmoja alitueleza kwa kina mambo ya jamii ambayo baadaye alikiri hajawahi kufika kwao. Jioni nyingine watu wawili wa asili moja walibishana juu ya hatua moja ya sherehe mpaka wakasimama, kila mmoja akimwita mwenzake mtoto wa mjini. Kutoka kwenye jamii hakumfanyi mtu kuwa kamusi yake. Nilianza kulipenda hilo, kwa sababu mabishano yao yalitufundisha zaidi ya makubaliano ya mezani: kumbe kuna njia mbili za kufanya jambo lile, na kila upande unaona wa pili umeharibu.

Tulifika pia kwenye filamu ya Mmarekani Robert Flaherty ya mwaka 1922, Nanook of the North, juu ya maisha ya Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini mwa Kanada, ambayo huwezi kukaa miaka sita kwenye kazi hii bila kuionyesha. Wanafunzi walipojua kwamba yule mhusika jina lake halisi lilikuwa Allakariallak, kwamba wawindaji walichukua mikuki mbele ya kamera ilhali walikuwa na bunduki, na kwamba nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie ndani, walikasirika. Mmoja akasema basi yote ni uongo, tusiionyeshe tena. Mlinzi wetu, yule wa funguo, ambaye kufikia hapo alikuwa ameona filamu nyingi kuliko wahadhiri wengi, aliomba kusema. Alisema yeye anaona watu wanaoigiza maisha ya babu zao. "Babu yao hakuwa na bunduki. Wanamwigiza babu yao. Kosa ni la aliyeandika kwamba ndivyo wanavyoishi leo." Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu filamu ile, na nimesoma mengi. Tukaongeza kwamba Wainuit hao hawakuwa mbele ya kamera tu: ndio waliomsaidia Flaherty kuhudumia vifaa na kusafisha mikanda kwenye baridi ile. Mwanafunzi aliyekasirika hakubadilisha mawazo. Alitoka akiwa bado amekasirika, lakini sasa alikasirikia jambo lingine.

Kwa yule mama nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza alikataa. Alisema maneno ya wale wanawake ni ya kusemwa sebuleni, hayafai kwenye maspika. Mara ya pili aliniuliza atakayesikiliza ni nani. Mara ya tatu alikuja na dada yake mkubwa, mwenye lugha nzuri kuliko yake, tukakaa ofisini na filamu, tukisimamisha kila mstari. Walibishana juu ya neno moja kwa muda mrefu: dada anasema ni "kuchungulia", mama anasema ni kali zaidi ya hapo. Tuliandika "kuchungulia" kwa sababu dada ni mkubwa. Maneno mengine mawili walikubaliana tusiyaandike, na kwenye skrini pakaachwa pengo. Walikubali pia majina yao yasitajwe, na nilipowaomba ruhusa ya kuandika haya waliongeza sharti kwamba lugha yao nayo isitajwe.

Tuliionyesha tena filamu ile Alhamisi ya mwisho ya mwaka wangu wa sita. Maandishi mawili yalipita pamoja: juu, maneno ya msimulizi kuhusu mvua, chini, maneno ya wanawake. Mama alikuja bila ndoo. Alikaa kiti kilekile cha nyuma, nikamwambia aje mbele, akasema mbele shingo inauma.

Msimulizi akaanza kwa ile sauti yake tulivu kuhusu mizimu. Chini yake yakatokea maandishi: mgeni wa jicho moja, unga umekuwa vumbi. Ukumbi ulikaa kimya kidogo, watu wakisoma mara mbili. Halafu mwanamke wa tatu kutoka kushoto, yule mwenye kilemba, akageuka akaitazama kamera moja kwa moja, akauliza kama mama yake yule mgeni anajua mwanawe yuko wapi, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata wale wanawake kwenye picha walikuwa wanacheka wakati huo. Tulikuwa tumeiona filamu hiyo mara nyingi, na hatukuwahi kugundua kwamba wanacheka.